Haki ya mja haifutwi kwa sala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki ya tatu sasa wasomaji wako wawili wanarushiana maneno humo. Wa kwanza anasema haki za binadamu ni vazi lililoshonwa kwa vipimo vya Mzungu, Mwislamu akilivaa litampwaya. Wa pili anasema Uislamu na haki za binadamu ni maji na mafuta. Nimezisoma barua zao zote, nyingine mara mbili, na nimegundua kitu kilichonichekesha: mabwana hawa hawabishani. Wanakubaliana. Wote wawili wamekwisha kuamua kuwa Uislamu umekaa huku na haki za binadamu zimekaa kule. Kilichobaki ni kuulizana nani ahame.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha elimu ya dini ya Kiislamu shule za sekondari kwa miaka 31. Si sheikh, sikusoma chuo cha Azhar cha Misri wala Madina, na mke wangu atawathibitishia kuwa hata nyumbani fatwa zangu hazifuatwi. Nisingejiingiza katika ugomvi huu lau si jambo moja linalonikaa moyoni tangu zamani, nalo linamhusu msichana mmoja. Nitafika huko.

Nianze na neno lenyewe. "Haki" hatukuazima kwa Mzungu. Ni neno lililotujia na Kiarabu, na Al-Haqq ni katika majina ya Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, waliligawa mafungu mawili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Kila mwaka nilikuwa nikiwachorea wanafunzi mstari katikati ya ubao. Upande huu sala uliyoiacha na saumu uliyoila. Hayo ni baina yako na Mola wako, naye ni Mwingi wa kusamehe. Upande wa pili mtu uliyempiga, uliyemsingizia, uliyemla mali yake. Hapo toba ya peke yako haitoshi mpaka umrudishie chake au akusamehe kwa ulimi wake.

Imam Muslim amepokea hadithi ya muflisi. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi ni nani. Wakajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama ana sala, ana saumu, ana zaka, lakini amemtukana huyu, amemzulia yule, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya yule. Basi kila aliyedhulumiwa atapewa katika mema yake. Yakiisha mema kabla ya madeni, atabebeshwa makosa yao, kisha atupwe motoni. Sijaona mkataba wowote wa Geneva wenye adhabu kali namna hiyo kwa anayevunja haki ya mwenzake.

Bwana wa kwanza atasema: sawa, hiyo ni haki yetu, ya Kiislamu, si hiyo yao. Kwake nina kisa cha kiapo kiitwacho Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake, akamuuzia al-As bin Wail, mkubwa katika Makureshi. Yule mkubwa akachukua mali akagoma kulipa. Mgeni hana ukoo mjini, nani atamsemea? Akapanda mlima wa Abu Qubays akapiga ukelele kwa mashairi, watu wamekaa pembezoni mwa Al-Kaaba. Baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakala kiapo kuwa watakuwa mkono mmoja na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka haki yake irudi. Wakaenda kwa al-As wakaichukua ile mali.

Muhammad alikuwa kijana, yumo katika kikao kile. Wahyi ulikuwa haujashuka. Waliokula kiapo walikuwa watu wa masanamu. Miaka mingi baadaye, akiwa Mtume, alisema kiapo kile hakibadilishi kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na kwamba angeitwa katika Uislamu kwa mkataba kama ule angeitikia. Sasa, bwana wangu, kama Mtume hakuona taabu kuukubali mkataba wa haki uliotungwa na washirikina wa Makka, wewe unaona taabu gani na uliotungwa Paris?

Na huo wa Paris tuuangalie vizuri, maana naona ninyi wawili mnautaja bila kuufungua. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948. Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanachama 58 tu. Nchi 48 zilikubali, 8 zilijizuia, mbili hazikupiga kura, na hakuna iliyokataa. Katika zilizokubali zimo Afghanistan, Misri, Iran, Irak, Pakistan, Syria na Uturuki. Saudi Arabia ilijizuia, pamoja na Urusi ya Kisovieti na wenzake, na Afrika Kusini, ambako mwaka uleule chama cha ubaguzi kilikuwa kimeshika madaraka. Ukitaka kuwajua waliojizuia, tazama walikaa na nani.

Nakiri kwamba bwana wa kwanza ana hoja hapa ambayo hajaitumia, nami namkabidhi bure. Uingereza na Ufaransa zilinyanyua mkono kukubali kwamba watu wote huzaliwa huru, huku zimekalia makoloni. Sehemu kubwa ya Afrika haikuwemo ukumbini, haikuulizwa. Hilo ni doa, na halitoki. Lakini doa hilo liko kwa waliolisema neno wasilifuate. Sisi tuna waliosema "wanadamu wote ni watoto wa Adamu" wakauza watoto wa Adamu kwa karne kadhaa, wala hatusemi basi maneno yale ni ya uongo.

Kuna jambo katika mjadala wa 1948 ambalo kila nikilisimulia watu hudhani natunga. Kifungu cha 18 kinasema kila mtu ana uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kuibadili. Mjumbe wa Saudi Arabia, Jamil Baroody, alikipinga, akiona kitawafungulia milango wamishonari. Baroody mwenyewe alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Lebanon. Aliyesimama kukitetea kwa jina la Uislamu alikuwa Muhammad Zafarullah Khan, Waziri wa Mambo ya Nje wa Pakistan. Hoja yake ilikuwa rahisi hata mtoto wa madrasa angeielewa: dini yetu inawalingania watu waje kwetu, basi hatuwezi kuwanyima wengine haki ya kulingania na watu wao haki ya kwenda. Akategemea Qur'ani, sura ya 18 aya ya 29: atakaye aamini, na atakaye akatae.

Kwa hiyo aliyeupinga uhuru huo kwa niaba ya nchi ya misikiti mitukufu ya Makka na Madina alikuwa Mkristo, na aliyeutetea kwa Qur'ani alikuwa mtu wa jumuiya ya Ahmadiyya. Miaka 26 baadaye, 1974, katiba ya Pakistan ikarekebishwa ili kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Mimi sikubaliani na itikadi ya Ahmadiyya, na nimeeleza darasani kwa nini. Lakini kutokubaliana na mtu ni kitu kimoja, kumpeleka bungeni apigiwe kura imani yake ni kitu kingine. Tangu lini wabunge wakawa wanapima yaliyomo vifuani?

Katika mjadala uleule wa 1948 alikuwepo mjumbe mwingine wa Pakistan, mama Begum Shaista Ikramullah. Yeye alikitetea kifungu cha 16, cha ndoa, kwa sababu kinazuia watoto kuozwa na watu kuozwa bila ridhaa yao. Mwislamu, mwanamke, anajenga kifungu cha ridhaa ya ndoa. Hapo ndipo moyo wangu unaponisuta, kwa hiyo nilitoe hilo jambo langu.

Nilikuwa kijana kazini, nina ndevu nyeusi na kujiamini kwingi. Darasani kwangu alikuwepo msichana wa miaka 16, baba yake amefariki, analelewa na ami yake. Kwa akili alikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula. Siku moja baada ya kipindi alibaki nyuma, wenzake wote wametoka, akasimama mbele ya meza yangu. Akaniambia ami yake amemtafutia mume, siku imeshapangwa, naye hamtaki. Hakulia. Aliuliza kama anavyouliza maswali ya mtihani: "Mwalimu, dini inasemaje?"

Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimewasomesha kisa cha Khansa binti Khidam. Mama huyu aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, akaenda kwa Mtume kulalamika, na Mtume akaivunja ndoa ile. Kimo katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari. Niliwasomesha pia riwaya ya Ibn Abbas iliyo kwa Abu Dawud, ya binti bikira aliyeozwa kwa nguvu na Mtume akampa hiari. Nilikuwa nayajua hayo kama ninavyojua jina langu. Nami nikamjibu: "Radhi ya wazee ndiyo radhi ya Mungu. Subiri, mapenzi huja baadaye."

Akasema, "Lakini mwalimu, ile hadithi ya Khansa?"

Nikamwambia, "Ile ni ya makadhi, si ya watoto."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko sala zangu za sunna. Hata kifiqhi lilikuwa batili. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye msimamo mkali katika jambo hili: inampa walii, yaani msimamizi wa ndoa, uwezo wa kumwoza bikira bila idhini yake. Lakini walii huyo ni baba, au babu mzaa baba. Basi. Ami hana uwezo huo. Kwa Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, binti aliyebaleghe haozwi kwa nguvu hata na baba. Yaani hakuna mlango wowote katika nyumba yote ya fiqhi ambao ami yule angepita, na mimi mwalimu wa dini nilimfungulia dirisha. Kwa nini? Kwa sababu ami yake alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, nami sikutaka kugombana na mtu mzima mwenye heshima zake. Hiyo ndiyo sababu yote. Uislamu haukuhusika. Niliuvaa tu.

Hakurudi shuleni.

Ndiyo maana, Mhariri, nikisikia mtu anasema "Uislamu unakataza" au "Uislamu unaruhusu," siku hizi namtazama kwanza usoni nione ni nani anayezungumza, Uislamu au yeye. Na ndiyo sababu nina wasiwasi na Tamko la Cairo, ambalo bwana wa kwanza analisifu. Lilipitishwa na nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu tarehe 5 Agosti 1990, lina vifungu 25. Limo jema ndani yake. Lakini kifungu cha 24 kinasema haki zote zilizotajwa ziko chini ya Sharia, na cha 25 kinasema Sharia ndiyo marejeo pekee ya kulifafanua. Mtu wa dini akisoma hivyo moyo unatulia. Nami nilitulia, mpaka nilipojiuliza: Sharia kwa tafsiri ya nani? Ya Hanafi asiyemwoza binti kwa nguvu, au ya Shafi anayempa baba uwezo huo? Tamko halisemi. Na kisiposemwa ni nani, basi ni mwenye dola.

Imam Malik, kama inavyosimuliwa, Khalifa alitaka kukifanya kitabu chake kuwa sheria ya watu wote, akakataa, akisema masahaba walitawanyika mijini na kila watu wana elimu iliyowafikia. Imam Shafi alikuwa na rai zake za Irak, alipokwenda Misri akabadili nyingi. Hawa walijua kwamba wanachokisema ni ufahamu wao wa Sharia. Wakubwa wetu wa leo wakitia saini kitu, kinakuwa Sharia yenyewe. Hata hao hao, katika mkutano wa Niamey mwaka 2020, wamelifanyia marekebisho tamko lao. Kama lilikuwa neno la mwisho, lilirekebishwaje?

Na dola ilivyowatendea maimamu wetu wenyewe tunaisahau haraka. Abu Hanifa alikataa ukadhi wa Khalifa Mansur akafungwa gerezani. Malik alipigwa mijeledi Madina kwa kushikilia kuwa talaka ya aliyelazimishwa haipiti. Watawala walielewa kwamba kama talaka ya kulazimishwa haipiti, na kiapo cha utii cha kulazimishwa nacho hakipiti. Shafi alipelekwa kwa Harun al-Rashid kwa tuhuma za uasi. Ahmad bin Hanbal alifungwa na kupigwa kwa kukataa kusema kauli ya serikali kuhusu Qur'ani. Ibn Taymiyya alifia katika ngome ya Damascus mwaka 1328, amenyang'anywa hata kalamu. Wote hawa walikuwa, kwa lugha ya leo, wafungwa wa dhamiri. Na kila aliyewapiga alikuwa Mwislamu aliyesema anailinda dini. Mwenye kutaka kuniambia kwamba Mwislamu hahitaji kinga dhidi ya serikali ya Kiislamu akawaulize maimamu wanne.

Sasa bwana wa pili. Yeye ananipiga palipo na kidonda: murtadi, yaani aliyetoka katika Uislamu. Sitajificha. Hadithi ya "atakayebadili dini yake muueni" imo katika Bukhari, na wanazuoni wengi wa kale wa madhehebu yote manne walishika adhabu ya kifo. Hiyo ndiyo kweli na nilikuwa naisomesha hivyo. Lakini nilikuwa naisomesha nusu. Qur'ani inautaja uritadi mara kadhaa na haikuweka adhabu ya duniani hata mahali pamoja. Abu Hanifa alisema mwanamke akiritadi hauawi, kwa kuwa si mpiganaji. Kwa maneno mengine, jambo hilo kwake lilikuwa na harufu ya vita kuliko ya itikadi. Na Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1958 mpaka 1963, aliandika kwamba kukufuru peke yake hakuhalalishi damu ya mtu. Sheikh wa Azhar huyo, si profesa wa Ulaya.

Tena angalieni sheria hiyo inapotumika, humwangukia nani. Sudan ilimnyonga Mahmoud Mohamed Taha tarehe 18 Januari 1985, mzee wa miaka 76. Kosa lake lililomfikisha mahakamani lilikuwa karatasi ya kupinga jinsi serikali ya Nimeiry ilivyokuwa ikitumia Sharia. Hakuwa ametoka katika Uislamu, alikuwa akisali. Miezi mitatu haikutimia Nimeiry akapinduliwa, na mwaka uliofuata mahakama kuu ya nchi ikaibatilisha hukumu, lakini mtu amekwisha kufa. Sudan iliifuta adhabu hiyo mwaka 2020. Hakuna aya mpya iliyoshuka kati ya 1985 na 2020.

Vivyo hivyo utumwa, ambao bwana wa pili ameutaja katika barua zake tatu zote. Ana haki ya kuutaja. Qur'ani ilifanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, njia ikaonyeshwa wazi, na sisi tukasimama njiani karne 13. Ahmad Bey wa Tunisia aliupiga marufuku mwaka 1846, miaka 19 kabla ya Marekani. Lakini Saudi Arabia ilisubiri mpaka 1962 na Mauritania mpaka 1981. Mwaka 2014, wale waliojiita dola ya Kiislamu walipowateka wanawake wa Kiyazidi wakawauza, wanazuoni zaidi ya 120 walimwandikia kiongozi wao barua ya wazi, wakamwambia kuurudisha utumwa ni haramu kwa ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni. Basi ijmai inaweza kujengwa. Bwana wa pili asiseme haiwezekani, na wa kwanza asiseme haijawahi kutokea.

Katika mirathi mimi ni mtu wa kale. Nimebaki na mafungu ya Qur'ani kama yalivyo, na najua wapo dada zangu wasomi watakaonikasirikia. Niseme tu kwamba katika maisha yangu sijaona ndugu wakimnyang'anya dada yao ile ziada anayodaiwa kuikosa. Nimeona wakimnyang'anya lile fungu lenyewe alilopewa na Mwenyezi Mungu, wakamwambia ajipatie thawabu kwa kusamehe. Wanaofanya hivyo huwasikii wakilalamika kwamba haki za wanawake zimetoka Magharibi. Hawana muda, wanagawana.

Linaloniudhi zaidi kwa upande wetu ni hili la mkuki kwa nguruwe. (Methali ina mnyama wake, wasomaji mtanisamehe.) Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Ufaransa ilivunja haki za wanawake wawili iliyowatoza faini kwa kuvaa nikabu. Waislamu tulifurahi, nami nilifurahi. Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo kabisa, iliishitaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya Warohingya, zaidi ya 700,000 kati yao wakiwa wamekimbia tangu 2017. Ikaungwa mkono na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Tulipiga takbira. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kafala ya Sharia, yaani kumlea mtoto asiye na mlezi, kwa jina lake katika kifungu cha 20, na tunajivunia. Hapo kote haki za binadamu ni zetu.

Kisha Oktoba 2022, katika Baraza la Haki za Binadamu, likaja pendekezo la kuijadili tu ripoti ya Waislamu wa Uighur wa China. Kuijadili, si kuhukumu. Likaanguka kwa kura 19 kwa 17. Pakistan, Indonesia, Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwa katika wale 19. Somalia ilikuwa katika wale 17, na kwa hilo naivulia kofia yangu ya viua. Qur'ani, sura ya 4 aya ya 135, inatutaka tuwe mashahidi wa uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Haikuongeza "isipokuwa mkopeshaji."

Na wasichana wa Afghanistan, tangu Septemba 2021 milango ya sekondari wamefungiwa. Desemba 2022 wakafungiwa na vyuo vikuu, na Sheikh wa Azhar, Ahmed al-Tayeb, alisema waziwazi kuwa uamuzi huo unapingana na Sharia. Kwa hiyo kuna Sharia ya Kabul na kuna Sharia ya Azhar, na msichana wa Kandahar amekaa nyumbani akisubiri wanaume wamalizane.

Nilikuwa nawasomesha wanafunzi kisa cha Barira, na naona ndicho chenye jibu la mabwana wote wawili. Barira alikuwa mtumwa, Aisha akamwacha huru. Alipokuwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe, Mughith, au kuachana naye. Akaachana naye. Mughith alikuwa akimfuata nyuma katika njia za Madina analia, machozi yanatiririka ndevuni. Mtume akamhurumia, akamwambia Barira, "Lau ungemrudia." Barira akauliza, "Mtume wa Mungu, unaniamrisha?" Akamjibu, "La, mimi naombea tu." Akasema, "Basi simhitaji."

Fikirini ni nani anaombwa na ni nani anaomba. Mwanamke, jana mtumwa, na mbele yake Mtume wa Mwenyezi Mungu. Anauliza kwanza kama ni amri. Anaambiwa si amri. Anakataa, na hakuna aliyemkemea, hakuna aliyemwambia radhi ya wakubwa. Hadithi nzima imepokewa na Bukhari, na mimi niliyekuwa naisomesha sikuweza kumpa msichana mmoja nusu ya nafasi aliyopewa Barira.

Nimemuulizia miaka mingi. Niliambiwa aliolewa siku ileile iliyopangwa, wakahama, na baadaye kwamba ana watoto wakubwa. Sijui maisha yake yalikuwaje, na si kazi yangu kuyakisia ili nijifariji. Nimefunga, nimesali, nimehiji. Ule mstari wa katikati ya ubao niliuchora mwenyewe kwa chaki yangu, najua yeye yuko upande gani.

Kwa hiyo, Mhariri, sehemu hii ya mwisho si ya mabwana wale wawili. Ni yako wewe, mama, kama gazeti hili linakufikia. Swali lako lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la uongo. Hadithi ile ilikuwa inakuhusu wewe. Daftari lako la dini lilibaki katika rundo la madaftari niliyokuwa nasahihisha siku zile, na bado ninalo. Zoezi la mwisho niliwataka mtaje dalili ya kwamba ndoa haifai bila ridhaa ya mwanamke. Umeandika habari ya Khansa yote, mpaka jina la baba yake, nami nimeweka alama kwa wino mwekundu: 10 kwa 10. Ukilitaka daftari, au ukitaka kuniambia lolote, Mhariri anayo anwani yangu.

Wako,
Mwalimu mstaafu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)